Sauti gani ukiisikia leo inakurudisha utotoni? Tuziandike hapa kabla hazijatupotea

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Jambo hili limekaa kichwani mwangu muda mrefu, leo nimeona nilifungulie uzi. Picha za utotoni tunazitunza. Karibu kila familia ina albamu au bahasha iliyochakaa, na siku hizi simu zimejaa picha hadi nafasi inaisha. Je, sauti za nyumba tulizokulia nani alizitunza?

Nyimbo naziweka pembeni. Nyimbo zilirekodiwa, ukizitaka unazipata. Nazungumzia sauti za kazi na pilikapilika: komeo la mlango, ufagio alfajiri, mfuniko wa sufuria unaorukaruka maji yakichemka, ndala za mtu fulani ukumbini. Hakuna aliyezitoa sauti hizo ili zikumbukwe. Kwa maoni yangu ndiyo maana zinatukamata vibaya hivi, kwa sababu zinatukuta hatujajiandaa.

Ya kwangu ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mama alishona usiku, sisi tukiwa tumeshalazwa, chumba cha pili. Anayedhani cherehani ina mlio mmoja hajawahi kulala karibu nayo. Kwanza gurudumu linasukumwa kwa mkono, polepole: tak, tak. Halafu miguu inashika kazi, mapigo yanakaribiana mpaka huwezi tena kuyatenganisha. Pindo refu lilikwenda bila kupumua. Akifika kwenye kona anapunguza mwendo, sindano inashuka mara mbili tatu moja moja, kisha kimya kifupi. Hapo ananyanyua kile chuma kinachobana kitambaa, anageuza nguo, anakishusha, tak! na mwendo unaanza upya. Uzi ukikatika anasimama ghafla, katikati ya mshono, na mara unasikia mkasi ukiwekwa mezani. Nikiwa nimefumba macho nilijua kama anashona pindo au shingo ya gauni, maana shingo ina kona na vituo vingi. Hakuna aliyenifundisha.

Hivi karibuni nilikuwa napita mtaa nisioufahamu, dirisha likiwa wazi, nikausikia mlio ule. Nilisimama. Sura ya mama haikuwa ya kwanza kunijia. Kilichonijia kwanza ni uzito wa blanketi, mstari wa mwanga chini ya mlango, na ule uhakika kwamba kuna mtu mzima yuko macho, kwa hiyo mimi naweza kulala.

Tangu siku hiyo naamini sauti za nyumbani zilikuwa zinatupa habari za watu. Nani ameamka, nani amerudi, nani ana haraka, nani amekasirika ila hajasema. Mtoto haulizi, anasikiliza. Na habari hizo zilikuwa muhimu sana kwetu kuliko tulivyojua wakati ule.

Naomba kila atakayechangia ataje sauti moja tu, lakini aieleze: ilianzaje, iliishaje, na ilikuwa inakuambia nini.

#2 – Mdau

Mkuu umenigusa. Mimi ni funguo za baba. Alikuwa na funguo nyingi kwenye pete moja na alikuwa na tabia ya kuzichezea mfukoni kabla ya kuzitoa, kwa hiyo tulizisikia akiwa bado hajafika mlangoni. Papo hapo michezo inakatika, kila mtu anashika daftari.

Leo nina funguo chache tu, lakini mwanangu zikigusa mlango anakuja mbio. Kabla ya kusoma uzi huu sikuwa nimewaza kwamba naye anaokota sauti zangu.

#3 – Mdau

Ndoo chini ya bomba. Nawaomba mnivumilie, hii nitaieleza kirefu kwa sababu naipenda.

Maji yakianza kugonga sakafu ya ndoo tupu kunakuwa na kishindo, ngoma kabisa. Yakishafunika sakafu kishindo kinazama, unabaki mvumo mzito. Baada ya hapo mvumo unapanda taratibu, unakuwa mwembamba na mwembamba zaidi, na ndoo ikikaribia ukingoni sauti inapanda upesi sana hadi inakuwa filimbi. Dada yangu angekuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, haioni ndoo wala bomba, anapaza sauti: "Funga, inajaa!" Hakuwahi kukosea. Nilimwona ana uwezo wa ajabu.

Shuleni nikaja kuelewa kwamba kinachotoa ile sauti inayopanda ni hewa iliyobaki juu ya maji. Maji yakipanda, safu ya hewa inafupika, na safu fupi hutetemeka upesi zaidi, kwa hiyo sauti inakuwa nyembamba. Ndiyo kanuni ya chupa ukiipuliza mdomoni. Kwamba sauti inapanda kwa kasi mwishoni nayo ina sababu: ikiwa imebaki hewa ya sentimita 20, kupungua sentimita 5 ni robo tu, lakini zikibaki sentimita 10, sentimita 5 zile zile ni nusu nzima.

Na jambo jingine ambalo wengi hamjalijaribu: maji ya moto yakimiminwa yana sauti tofauti na ya baridi. Ya moto yana sauti nzito kidogo. Mwambie mtu afumbe macho, mimina kikombe kimoja cha maji ya moto na kingine cha baridi, umuulize lipi ni lipi. Wengi hupatia bila kuweza kueleza wamejuaje. Tumesikia maji yakimiminwa tangu tunazaliwa, masikio yameshaweka hesabu yake.

Ilikuwa inaniambia nini? Kwamba dada yupo, na kwamba anajua nilipo hata kama hanioni.

#4 – Mdau

Uzi mzuri, ila napinga kidogo. Harufu ndiyo inayorudisha utoto kuliko kitu chochote. Sauti inakuja nyuma sana. Na kama ni sauti, mbona nyimbo mnaziondoa? Wimbo mmoja unaweza kukutoa machozi barabarani.

#5 – Mleta uzi

Mkuu wa #4, hoja yako ina uzito na nitaijibu vizuri.

Kuhusu harufu, ni kweli ina njia ya mkato. Taarifa za harufu hufika amigdala na maeneo ya jirani na hipokampasi, yaani sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo kiitwacho thalamasi. Sauti hupitia kwenye shina la ubongo, kisha thalamasi, ndipo isambae. Kwa hiyo kwa upande wa njia, harufu inashinda.

Lakini sauti ilianza kazi mapema. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito mtoto tumboni tayari anasikia. Nyama na maji vinazuia sauti nyembamba, ila sauti nzito na mapigo ya usemi vinapita, kwa hiyo anachopata ni mdundo na mpando wa sauti, maneno hayapati. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wachanga ambao hawajafikisha siku tatu. Waliwapa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na mtambo, na mtoto aliweza kubadili namna anavyonyonya ili asikilizishwe sauti ya mama yake au ya mwanamke mwingine. Watoto walibadili unyonyaji wao ili wasikie sauti ya mama. Siku tatu hazijatimia na tayari ana sauti anayoichagua!

Sasa nyimbo. Wimbo uliosikia utotoni umeusikia tena ukiwa kijana, ukausikia kwenye gari la mtu, kwenye sherehe, juzi kwenye simu. Kila mara umebandikwa tukio jipya. Wanasaikolojia wa kumbukumbu wanalijua hili: kichocheo kikishafungamana na mambo mengi, nguvu yake ya kuita jambo moja inapungua. Mlio wa cherehani ile mimi sikuwa nimeusikia kwa miaka mingi. Ulikuwa haujachanganyika na kitu kingine chochote. Ulipofika, ulikuwa na mahali pamoja tu pa kunipeleka.

Kuna kitu kingine pia. Macho unayafumba, uso unaugeuza. Sikio halina kope. Hata usingizini linaendelea kupokea, na ndiyo maana mzazi anaweza kulala radi ikipiga lakini mtoto akikohoa anaamka. Tulipokuwa wadogo tulilazwa mapema, taa ikazimwa, na kuanzia hapo nyumba nzima tuliijua kwa masikio.

Nikiri pia upande wa pili ili nisije nikaonekana natia chumvi: mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya, tunajazia mapengo. Kwa hiyo blanketi nililolitaja huenda nimeliazima kutoka nyumba nyingine tuliyoishi. Hilo nalikubali. Ile hali ya usalama, hiyo haijatoka popote pengine.

#6 – Mdau

Naomba niseme jambo ambalo halitafurahisha.

Mnaongea kana kwamba sauti zote za utotoni ni tamu. Yangu ni komeo la chuma usiku. Tuliishi na mtu mzima mmoja ambaye hali yake tuliisoma kwenye komeo. Likivutwa taratibu hadi mwisho, usiku huo tunalala. Likivutwa kwa kishindo na kukwama katikati, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaacha hata kupumua kwa sauti, tukihesabu hatua. Hatua zikikata kushoto, kwenda jikoni, tunashukuru. Zikija moja kwa moja, basi.

Nimekua, nina nyumba yangu, mlango una kitasa kisicho na kelele. Lakini popote nitakapokuwa, komeo la chuma likilia mabega yangu yanapanda yenyewe kabla sijajua nimesikia nini. Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kwamba sauti zilikuwa zinatupa habari za watu. Wengine tulizisikiliza habari hizo ili tuwe salama tu.

#7 – Mdau

Pole sana ndugu yangu wa #6, na asante kwa kusema. Nafanya kazi na watu waliopitia mambo mazito, naomba niongeze maneno machache. Hilo la mabega kupanda kabla hujatambua sauti si udhaifu. Amigdala inaweza kuamsha mwili haraka kuliko fikra zinavyowahi kuipa sauti jina. Na mtu akishajifunza kwamba sauti ile sasa haina hatari, kumbukumbu ya zamani huwa haifutiki, ila mafunzo mapya yanawekwa juu yake na taratibu yanaanza kutangulia. Inachukua muda na mara nyingi inahitaji mtu wa kukusindikiza. Lakini inawezekana, nimeiona.

#8 – Mleta uzi

Mkuu wa #6, nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Umeupa uzi huu kitu ambacho mimi nisingekileta. Wazazi tuliomo humu tuusome tena ule mstari wa kuhesabu hatua. Watoto wetu wako vyumbani wanatusikiliza tunavyofunga milango.

#9 – Mdau

Nina sauti ambayo hata mkiniletea leo siwezi kuisikia.

Televisheni za zamani zile zenye mgongo mkubwa, za kioo kizito. Ukiwa chumba kingine, hata kama sauti imepunguzwa kabisa, ulijua imewashwa. Kulikuwa na mlio mwembamba mno, karibu na mwisho wa masikio. Sisi watoto tuliusikia, wakubwa wakasema tunazusha.

Hatukuwa tunazusha. Televisheni ile ilichora picha mstari kwa mstari. Katika mfumo wa mistari 625, picha zilikuwa 25 kwa sekunde, na 625 mara 25 ni mistari 15,625 kila sekunde. Sumaku zilizokuwa zikiuvuta huku na huku mwali wa elektroni uliochora picha zilitetemesha vipande vya ndani kwa kasi hiyo hiyo, na ndio ukawa mlio: hezi 15,625, yaani mitetemo 15,625 kwa sekunde. Mtoto mwenye masikio mazima anasikia hadi karibu hezi 20,000. Kadiri umri unavyokwenda, zile za juu ndizo zinazoanza kupotea, kwa sababu seli za vinyweleo ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, zikifa kwa binadamu hazioti tena.

Maana yake ni kwamba hata nikiipata televisheni ile ikiwa nzima, nikaiwasha chumbani kwangu, watoto wangu watausikia mlio na mimi nitakaa hapo sisikii kitu. Hili linaniuma kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuliandika.

#10 – Mdau

Simu ya kuzungusha namba. Unavuta tundu hadi mwisho, unaachia, kisahani kinarudi chenyewe kikilia krrrr. Sifuri ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Kwa kusikiliza marudio yake nilijua shangazi anampigia nani.

#11 – Mdau

Redio ikitafutwa stesheni. Ule mkwaruzo, mtu anaongea lugha usiyoijua, mkwaruzo tena, kisha ghafla sauti safi na babu anatoa mkono taratibu asije akaiharibu. Sasa hivi unabonyeza, imefika. Hakuna tena katikati.

#12 – Mdau

Mimi sina sauti ya kitu, nina sauti ya mtu. Bibi alikuwa akiguna kabla ya kuinuka kwenye kiti, mguno ule ule kila siku. Alishafariki. Picha zake ninazo nyingi. Mguno wake ninao kichwani tu na naogopa kwamba kila mwaka unabadilika kidogo bila mimi kujua.

#13 – Mleta uzi

Mkuu wa #12, hofu yako naielewa, na kuna kisa cha kweli nilichotaka kukileta tangu mwanzo, nadhani mahali pake ni hapa.

Katika reli ya chini ya ardhi ya London kulikuwa na tangazo la kuwatahadharisha abiria juu ya pengo kati ya treni na jukwaa. Sauti iliyotumika ilikuwa ya mwigizaji Oswald Laurence. Alifariki mwaka 2007. Mjane wake, Margaret McCollum, alikuwa akienda kituo cha Embankment na kukaa jukwaani ili amsikie tu. Treni inaingia, sauti ya mume wake inasema maneno yale machache, treni inaondoka, anasubiri nyingine. Mwisho wa mwaka 2012 mitambo ikabadilishwa na sauti ile ikaondolewa. Akaenda kuuliza kama anaweza kupewa nakala. Walimpa nakala, na mwaka 2013 wakairudisha sauti yenyewe kwenye jukwaa lile.

Angalia alichokuwa anakifuata. Onyo la usalama, maneno ambayo maelfu ya watu waliyapita bila kuyasikia. Alirekodi akiwa kazini, akaenda zake nyumbani. Ndicho ninachojaribu kusema tangu post ya kwanza: hatujui ni kipi katika kelele zetu za kila siku mtu mwingine anakihesabu kuwa ni sisi.

Kwa hiyo tusisubiri. Wengi humu wazazi wetu wapo. Wanaburuta ndala zilezile, wanafunga mlango vilevile, wanakohoa kikohozi kilekile kabla ya kusema jambo zito. Simu zinazorekodi tunazo mfukoni muda wote.

#14 – Mdau

Nimejaribu leo leo baada ya kusoma hapo juu. Nimerekodi ufagio wa mama, nikisikiliza unasikika kwa mbali, unakatikakatika, haufanani kabisa na ninachokisikia kwa masikio. Tatizo nini? Na nina kaseti za zamani zenye sauti ya babu, naogopa hata kuzigusa.

#15 – Mleta uzi

Kukatikakatika kunatokana na simu yenyewe. Programu nyingi za kurekodi zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, kwa hiyo sauti ya mfululizo kama ufagio au maji inachukuliwa kuwa kelele na kupunguzwa. Ingia kwenye mipangilio, zima upunguzaji wa kelele kama upo, na ukipata nafasi ya kuchagua aina ya faili chagua WAV badala ya MP3, maana MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Simu usiishike mkononi, vidole vinaingia. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa ili mtikisiko wa meza usipite, na hakikisha tundu la maikrofoni halijazibwa. Anza kurekodi mapema, kabla ufagio haujaanza, na uache iendelee baada ya kazi kuisha. Kimya cha nyumba, na mlango wa mbali, na mtu anayepita, vyote hivyo vitakuwa na thamani baadaye kuliko sauti uliyoifuata.

Mwishoni mwa rekodi taja kwa mdomo wako tarehe, mahali na nani. Majina ya mafaili hupotea simu ikibadilishwa, ila sauti yako itabaki ndani. Nakala ziwe sehemu mbili tofauti.

Kaseti za babu, kwanza angalia mgongoni, upande usio na utepe. Kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kaseti. Vivunje. Bila vijino hivyo kinasa sauti cha kawaida hakiwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ziweke mbali na joto na mbali na spika, kwa kuwa spika zina sumaku. Kabla ya kucheza iliyolala miaka mingi, izungushe yote mbele kisha nyuma ili utepe uachane. Siku ya kuicheza, unganisha kinasa na kompyuta na urekodi hapo hapo, mara ya kwanza, usiisikilize kwanza kwa majaribio. Utepe uliochoka unaweza ukakupa nafasi moja tu.

Na kwa wote mnaotaka sauti ya mtu mwenyewe, mwombeni ruhusa, lakini msimpe karatasi ya kusoma. Akisoma anabadilika, anakuwa mtangazaji. Mpe kazi aliyoizoea, kaeni muongee mambo ya kawaida, na katikati ya maongezi toka uende chumba kingine ukiiacha simu pale, ili akuite kwa jina lako akiwa na haja nawe.